Kihisi kinachotembea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzuia mtikisiko ndani ya bodi ya kamera

Ni kitu gani hasa kinachotembea ndani ya kamera?

Ni kihisi chenyewe, ile sahani ndogo inayopokea mwanga ambayo wapiga picha wengi wanaiita sensa. Katika kamera ya kawaida kihisi kimekazwa kwa skrubu na hakisogei. Katika kamera yenye mfumo huu, kihisi kimebandikwa kwenye kibao chepesi kinachoteleza juu ya vigololi vidogo, na kibao hicho kimezungukwa na sumaku za kudumu. Pembeni mwa kihisi kuna koili za waya. Umeme ukipita, koili husukumwa au kuvutwa na sumaku, na kibao husogea juu, chini, kushoto, kulia, au hujizungusha kidogo. Ni kanuni ile ile ya spika ya redio, isipokuwa hapa kinachosukumwa ni kihisi badala ya karatasi ya spika.

Ukiondoa lenzi wakati kamera imezimwa na kukitazama kihisi kwa makini huku ukiinamisha bodi (mwili wa kamera), kwenye aina kadhaa utakiona kikilalia upande mmoja. Hakijavunjika. Kinachokishika mahali pake ni umeme, na umeme haupo.

Kamera inajuaje kwamba mkono umetikisika?

Ndani ya bodi kuna jairoskopu ndogo sana za kielektroniki zinazopima kasi ya kugeuka. Kwenye mifumo ya mihimili mitano (tutaieleza hapa chini) kuna pia aksilerometa, zinazopima kuhama bila kugeuka. Prosesa inazisoma maelfu ya mara kwa sekunde. Fujifilm, kwa mfano, ilipotoa X-H1 mwaka 2018 ilisema prosesa ya mfumo hufanya hesabu kama 10,000 kila sekunde. Kutokana na kasi ya kugeuka prosesa inapata pembe, pembe inazidishwa na urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa kwenye pete yake), na jibu ndilo umbali ambao picha imehama juu ya kihisi. Kisha koili zinaamriwa zikipeleke kihisi kuifuata picha huko ilikohamia. Vipimo vya sumaku vya aina ya Hall vinaripoti muda wote kihisi kipo wapi, ili prosesa isahihishe amri yake.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana ndiyo ufunguo wa maswali mengi yanayofuata. Tuseme mkono umeinamisha kamera kwa nyuzi 0.1, kiasi ambacho huwezi hata kukihisi. Kwa lenzi ya 50 mm, picha inahama 0.087 mm. Inaonekana si kitu, lakini kwenye kihisi cha fremu kamili (chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35 mm) chenye pikseli milioni 24 kila pikseli ina upana wa maikrometa 6 hivi, kwa hiyo picha imekimbia pikseli 14. Kwa lenzi ya 200 mm ni 0.35 mm, pikseli 58. Kwa 400 mm ni 0.7 mm. Mkono ni ule ule na pembe ni ile ile, ila safari ya kihisi inarefuka kadiri lenzi inavyorefuka.

"Mihimili mitano" maana yake nini?

Ni njia tano ambazo kamera inaweza kuyumba. Ya kwanza ni kuinama na kuinuka, kama kichwa kinachosema ndiyo. Ya pili ni kugeuka kushoto na kulia, kama kichwa kinachosema hapana. Ya tatu ni kulala upande, kama ngalawa inavyopigwa na wimbi la ubavuni. Ya nne na ya tano ni kuhama kwa mlalo na kwa wima bila kugeuka.

Mbili za kwanza ndizo zinazoharibu picha nyingi za kawaida. Ya tatu huonekana kwenye kona, na hapo ndipo kihisi kinaishinda lenzi waziwazi: kioo cha duara ukikizungusha picha haigeuki, kwa hiyo lenzi haina namna ya kusahihisha ulalo wa upande. Zile za kuhama hazina uzito mpaka unapokisogelea kitu kwa karibu sana. Ukipiga mdudu kwa ukubwa wa 1:1, yaani picha yake juu ya kihisi ikilingana naye mwenyewe, mkono ukihama 0.05 mm picha nayo inahama 0.05 mm. Ukipiga mtu aliye mita kadhaa mbele yako, kuhama huko kunapungua hadi maikrometa moja au mbili.

Kuna njia ya sita, mbele na nyuma, na hiyo mfumo hauigusi kabisa. Ndiyo maana picha za wadudu hutoka na fokasi iliyokosewa hata kamera ikiwa na mihimili yake yote mitano.

Nani alianza?

Lenzi zilitangulia. Nikon ilitoa kamera ndogo ya filamu yenye kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi mwaka 1994. Kusogeza kihisi kuliletwa na Minolta katika DiMAGE A1 ya mwaka 2003, na mwaka uliofuata Konica Minolta ikaweka mfumo huo kwenye kamera ya kubadilisha lenzi, 7D. Sony ilipochukua biashara hiyo mwaka 2006 iliurithi. Pentax nayo ilianza mwaka huo huo. Mihimili mitano ililetwa na Olympus katika OM-D E-M5 ya 2012, na Sony A7 II ikaifikisha kwenye fremu kamili mwaka 2014. Nikon ilisubiri hadi 2018 kwa Z 6 na Z 7, na Canon hadi 2020 kwa R5 na R6. Kwenye simu, iPhone 12 Pro Max ya 2020 ilisogeza kihisi badala ya lenzi.

Kwa nini kila kampuni inauita jina lake?

Kwa sababu za biashara tu. Kwenye menyu utakuta SteadyShot kwa Sony, Vibration Reduction au VR kwa Nikon, Shake Reduction kwa Pentax, IS au IBIS (kutuliza ndani ya bodi) kwingine. Mwenye duka akikuambia kamera "ina stabilaiza", muulize swali moja: ipo ndani ya bodi, ndani ya lenzi, au ni ya kukata picha kwa programu? Hiyo ya tatu haitasaidia picha ya kawaida iliyotikisika. Inalainisha video tu, tena kwa kupunguza upana wake.

Stopu tano au nane zinazotangazwa zinanipa nini mkononi?

Stopu moja ni kuongeza mara mbili muda wa shata, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga. Kanuni ya zamani inasema bila msaada usishuke chini ya moja kwa urefu wa fokasi: kwa 50 mm, 1/50 ya sekunde. Stopu moja inakupeleka 1/25, mbili 1/12, tatu 1/6, nne 1/3, na tano karibu sekunde 0.6.

Namba za matangazo hupimwa kwa taratibu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani: kamera inawekwa juu ya meza inayotikisika kwa mtindo uliopangwa, ikiwa na lenzi maalumu iliyochaguliwa, na mara nyingi kinachoangaliwa ni katikati ya picha. Taratibu hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2024, kwa hiyo namba ya kamera ya kabla ya hapo na ya baadaye si za kulinganisha moja kwa moja. Wewe si meza. Una njaa, umepanda ngazi, umeshika begi. Toa stopu mbili kwenye namba iliyotangazwa uwe na matarajio ya kweli, na kwa kamera za pikseli nyingi anzia 1/100 badala ya 1/50, kwa kuwa pikseli ndogo huonyesha mtikisiko mdogo.

Mbona picha za harusi bado zinatoka na ukungu, na mfumo umewashwa?

Kwa sababu mfumo unatuliza kamera tu. Bwana na bibi harusi wanaocheza hautawatuliza.

Tuseme ukumbi una taa hafifu na unapiga kwa 1/15, ISO 800 (ISO ni kiwango cha kuukuza mwanga uliopokelewa). Keki, maua na viti vitatoka safi kabisa, na maharusi watatoka kama moshi. Panda hadi 1/125 na ISO 6400: mng'ao wa picha ni ule ule, chenga (vidoa vidogo vidogo kwenye picha) zitaongezeka, lakini sura zitaonekana. Chenga husafishika kwenye kompyuta. Sura iliyopakazika haisafishiki. Kwa kuanzia, mtu anayeongea amesimama anahitaji 1/100, anayetembea 1/250, mtoto anayekimbia 1/500, na ndege arukaye 1/2000. Mfumo una faida yake kubwa pale ambapo kitu kimetulia na mwanga ni mdogo: ndani ya msikiti au kanisa, vitu vya makumbusho, mji wakati wa magharibi, chakula mezani.

Nina lenzi ya zamani isiyo na mawasiliano ya umeme. Itafanya kazi?

Itafanya kazi, na hii ni moja ya sababu nzuri za kununua bodi yenye mfumo. Lenzi ya mwaka 1975 inapata utulivu ambao walioiunda hawakuuwazia. Lakini kumbuka hesabu ya hapo juu: pembe mara urefu wa fokasi. Lenzi ya kisasa inaiambia kamera urefu wake; ya zamani iko kimya, kwa hiyo lazima uandike wewe kwenye menyu ya mfumo.

Ukiandika vibaya mambo huenda namna mbili. Lenzi ni 135 mm nawe umeacha 50: kihisi kinatembea asilimia 37 tu ya safari inayotakiwa, na sehemu kubwa ya mtikisiko inabaki. Si vizuri, ila si hasara. Kinyume chake ndicho kibaya: lenzi ni 50 mm nawe umeacha 135 ya jana. Kihisi kinakwenda mara 2.7 ya kinachotakiwa, kinaipita picha, na unabaki na mtikisiko mara 1.7 ya ule ambao ungekuwa nao kama mfumo ungekuwa umezimwa. Malalamiko mengi ya "kamera yangu imeharibika baada ya kununua adapta" yanaishia hapa.

Andika urefu ulioandikwa kwenye pete ya lenzi. Usizidishe kwa 1.5 wala kwa 2 eti kwa sababu kihisi chako ni kidogo. Kihisi kinafuata milimita halisi.

Kwa zumu ya zamani, sahihi ni kubadilisha namba kila unapozungusha. Kama huna muda huo, chagua namba ya chini kuliko katikati. Kwa 70–200 mm ukiandika 100, kosa halitazidi nusu ya mtikisiko upande wowote. Ukiandika 200 kisha ukarudi 70, kihisi kitatembea karibu mara tatu ya kinachotakiwa.

Lenzi yangu nayo ina kutuliza mtikisiko. Nizime kimoja?

Kwa bodi na lenzi za kampuni moja, usizime. Zinagawana kazi. Kwa Sony, lenzi yenye OSS (jina lao la kutuliza ndani ya lenzi) hushughulikia kuinama na kugeuka, na bodi inachukua ulalo wa upande na kuhama. Panasonic, Olympus na Canon zinaunganisha nguvu za pande zote mbili, lenzi ikiwa ni ya zile zinazokubali. Kwenye kamera nyingi swichi iliyo kwenye lenzi ndiyo inayotawala: ukiizima, na bodi inaacha kazi. Watu huigusa bila kujua wanapoitoa lenzi kwenye begi, kisha wanatafuta tatizo kwenye menyu nusu saa nzima.

Kwa lenzi ya kampuni nyingine iliyofungwa kwa adapta isiyo na mawasiliano, lakini yenye kutuliza kwake kunakojiendesha, chagua kimoja. Vikifanya kazi vyote viwili bila kusikilizana, vitasahihisha kosa lile lile mara mbili.

Kipi bora, ndani ya lenzi au ndani ya bodi?

Chini ya 100 mm, bodi. Zaidi ya 300 mm, lenzi. Katikati, vyote. Sababu ni nafasi. Duara la mwanga linalotupwa na lenzi halizidi sana ukubwa wa kihisi. Fremu kamili ina milimita 43.3 kutoka kona hadi kona, na kihisi kikitembea mno kona zake zinatoka nje ya duara na kuwa nyeusi. Kwa 400 mm kuyumba kidogo tu kunadai safari ya karibu milimita moja, na ukiyumba zaidi kihisi kinagonga ukuta wake. Kioo kidogo ndani ya lenzi ndefu kinaweza kupinda mwanga kiasi hicho kwa kusogea kidogo. Pia ndiyo maana lenzi zenye duara kubwa hupata namba nzuri zaidi za stopu kwenye bodi ile ile.

Nikiweka kamera kwenye stendi, nizime?

Kwa kamera za zamani, ndiyo. Jairoskopu haitoi sifuri kamili hata kamera ikitulia kabisa. Kuna kelele ndogo ya umeme, na kwa shata ya sekunde 10 au 30 prosesa huijumlisha kelele hiyo na kuidhania ni mwendo, kihisi kikaanza kutambaa polepole. Tena kihisi kikisogea kinatikisa bodi, jairoskopu inauhisi mtikisiko huo, na kihisi kinasogea tena. Picha inatoka laini kidogo na hujui kwa nini.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni zinatambua stendi zenyewe na kupunguza kazi. Hata hivyo kwa shata inayozidi sekunde moja ni busara kuzima. Ukiwa juu ya kivuko, daraja linalopitisha malori au jukwaa la mbao, usitegemee stendi: injini na magurudumu hupanda kupitia miguu yake. Shika kamera mkononi, mfumo ukiwa umewashwa, mwili wako unywe mtetemo huo.

Na ndani ya gari la safari?

Dereva azime injini. Mkono wa mtu hutikisika mara chache hadi kumi hivi kwa sekunde, na mfumo umepangwa kwa mwendo wa namna hiyo. Injini ya dizeli inatetema haraka zaidi, na kihisi hakiwezi kuufuata mtetemo huo ipasavyo. Usiegemeze lenzi kwenye chuma cha dirisha. Beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu wenye zipu, ukifika ununue kilo mbili za maharage au mchele sokoni, uujaze, uulaze dirishani na lenzi juu yake. Maharage yatapikwa siku ya mwisho.

Unapofuata mnyama anayekimbia kwa kuzungusha kamera, tumia hali ya kufuata kama ipo. Inaacha mwendo wa mlalo upite na kutuliza wa juu na chini pekee. Bila hivyo mfumo unaweza kupambana na mwendo wako, na kihisi kinaruka kikifika mwisho wa njia.

Video ya lenzi pana inacheza kwenye kona kama mafuta ya taa juu ya maji. Ni hitilafu?

Hapana, ni jiometri. Kamera ikiinama au ikigeuka, picha haihami sawasawa kila mahali: pembeni inahama zaidi kuliko katikati. Kwa lenzi ya 16 mm kwenye fremu kamili, ukingo wa kushoto na kulia unahama mara 2.3 ya katikati. Kihisi kinaweza kwenda umbali mmoja tu, kwa hiyo kinaitengeneza katikati na pembeni panabaki panavutika. Kwa 50 mm tofauti ni asilimia 13 hivi, haionekani.

Dawa: tumia 24 mm au zaidi unapotembea, weka uso wa mtu katikati, au washa utulizaji wa kukata picha kwa programu ambao hunyoosha kona, ukikubali picha iwe finyu kidogo. Ukitumia gimbali (kishikio chenye mota kinachotuliza kamera), zima mfumo wa bodi kwanza, ujaribu, kisha uwashe na ulinganishe. Kwa kamera nyingi kuzima hushinda.

Kwa nini ilisemwa kuna ukomo wa stopu 6.5?

Ni hoja iliyotolewa na Olympus wakati wa E-M1 Mark II mwaka 2016, na inavutia kuliko nyingine zote hapa. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa. Wewe, kamera na jengo unalolipiga mnazunguka pamoja, kwa hiyo picha haihami. Lakini jairoskopu inauhisi mzunguko huo na haiwezi kujua kama ni dunia au ni mkono, kwa hiyo inausahihisha, na kwa kufanya hivyo inaitikisa picha iliyokuwa imetulia. Kwa 50 mm na shata ya sekunde 2, kosa ni kama maikrometa 7, zaidi kidogo ya pikseli moja. Baadaye kampuni zilipita ukomo huo kwa jairoskopu bora na kwa kutumia taarifa za kihisi chenyewe, kinachoona kama picha inahama kweli.

Kihisi kinachotembea kina kazi nyingine?

Ndiyo. Kinaweza kusogea pikseli moja moja na kupiga picha nne, ili kila nukta ipate rangi zote tatu. Kikisogea nusu pikseli kinaongeza ukubwa: Olympus E-M5 Mark II ya 2015, yenye pikseli milioni 16, iliunganisha picha nane kuwa moja ya milioni 40. Inahitaji stendi na kitu kisichosogea kabisa; jani likipeperuka linatoka na alama za ajabu. Pentax nayo hutumia GPS na dira kukisogeza kihisi kufuata nyota hadi dakika tano, mradi umeisawazisha dira kwanza, mbali na gari na vyuma.

Kuna mlio mdogo kamera ikiwaka, na kitu kinagongagonga ikizimwa. Niogope?

Mvumo mdogo kama wa feni iliyo mbali ni wa kawaida. Ni koili zinazokishika kihisi hewani. Kwenye video yenye maikrofoni ya bodi utausikia, kwa hiyo tumia maikrofoni ya nje. Kugonga kwepesi kamera ikiwa imezimwa nako ni kawaida kwa aina ambazo hazifungi kihisi. Mlio wa kukwaruza, au wa kudunda kwa mpigo kamera ikiwa imewaka, si wa kawaida.

Nisafishe vipi kihisi kinachoelea?

Chaji betri ijae. Anza na hewa: elekeza mdomo wa kamera chini, tumia bomba la mpira la mkono, wala si kopo la gesi, ambalo hutema majimaji baridi. Kama doa limebaki, ingia kwenye menyu ya kusafisha kihisi ufuate maelekezo ya kamera yako. Baadhi hufunga kihisi na baadhi hutaka uzime. Tumia kijiti chenye upana wa kihisi, milimita 24 kwa fremu kamili au 16 kwa kihisi kidogo cha APS-C, na matone mawili ya dawa tu. Pitisha mara moja kwenda, geuza upande, mara moja kurudi. Kihisi kitasogea kidogo chini ya kijiti; kifuate. Usikikandamize hadi kigonge ukuta, hapo ndipo kinapoweza kupinda.

Pikipiki inaweza kuuharibu mfumo?

Kwa simu, tahadhari ipo rasmi. Mwezi Septemba 2021 Apple ilieleza kwamba mitetemo mikali ya muda mrefu, kama ya injini kubwa za pikipiki, inaweza kushusha uwezo wa kamera za iPhone zenye kutuliza mtikisiko, na ikashauri kutozifunga moja kwa moja kwenye fremu au usukani. Bodaboda anayefunga simu kwenye usukani kwa ajili ya ramani atumie kishikio chenye mpira wa kunyonya mtetemo. Mfukoni ni salama zaidi. Kamera nayo isifungwe nyuma kwenye keria. Iwe begini, mgongoni kwako.

Nitajuaje kama mfumo umekufa, hasa ninaponunua kamera iliyotumika?

Dakika kumi zinatosha. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mita mbili, lenzi ya 50 mm, shata 1/10. Piga picha kumi mfumo ukiwa umewashwa, kila mara ukibonyeza shata nusu na kusubiri nusu sekunde ili kihisi kitulie, kisha kumi ukiwa umezimwa. Zikuze hadi asilimia 100 uhesabu zinazosomeka. Mfumo mzima unapaswa kukupa nyingi kati ya kumi. Bila mfumo ni chache, labda hata moja. Zikilingana, una shida.

Kisha iweke kwenye stendi au juu ya meza, piga kwa kihesabu cha sekunde mbili, kwa 1/10 hiyo hiyo, umewashwa na umezimwa. Iliyowashwa ikitoka na ukungu na iliyozimwa ikitoka safi, koili au vipimo vyake vina hitilafu. Angalia pia kona moja kuwa nyeusi kuliko nyingine, upande mmoja wa picha kuwa laini hata tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/8, na mstari wa upeo kulala ilhali kipimo cha usawa cha kamera kinasema sawa. Dalili hizo tatu humaanisha kihisi hakirudi katikati au kimekaa mshazari, mara nyingi baada ya kuanguka.

Usikubali fundi wa simu akifungue. Kihisi husawazishwa kwa maikrometa dhidi ya mdomo wa lenzi, na bila vifaa vya kupimia kitarudishwa kikiwa kimeinama. Muuzaji akikwambia mfumo umezimwa "ili kuokoa betri", uwashe mbele yake urudie jaribio.